Charley Burley, Bondia Aliyekimbiwa na Mabingwa

Ipo filamu moja tu inayojulikana ya pambano zima la Charley Burley. Ilipigwa mwaka 1946 mjini Oakland, California, na mpinzani wake ni Billy Smith, bondia mwenye mwili mzito kuliko wake na makonde ya kuogopwa. Ukiitazama mara ya kwanza kwa haraka, unaweza usione cha ajabu. Burley ameshusha mikono. Kichwa hakitulii. Bega linatikisika kana kwamba ngumi inakuja, haiji. Goti linakunjika kana kwamba anaingia, haingii. Smith anasita. Anajaribu kusogea, anasita tena. Katikati ya kusita kule konde la kulia la Burley linafika bila kupiga hodi, na mwenye kulirusha keshahama pale alipokuwa.

Itazame tena, polepole, na utaona kwamba mitikisiko ile haikuwa ya bure. Kila bega linapocheza, Smith anajibu kwa namna fulani: anainua mkono kidogo, anarudisha kichwa nyuma, anahamishia uzito kwenye mguu wa nyuma. Burley anayaweka majibu hayo akilini. Akishajua mkono upi huinuka bega lipi likitikiswa, habahatishi tena. Anatikisa bega, mkono unainuka, mbavu zinabaki wazi, na ngumi inayokwenda kwenye mbavu hizo haikimbii kwa sababu haina haja ya kukimbia. Ilishajua itakuta nini.

Habari za Burley husimuliwa zaidi kama habari za dhuluma. Dhuluma ilikuwepo, tena nzito, nami nitaieleza. Lakini dhuluma peke yake haimtofautishi na mamilioni ya Wamarekani weusi wa zama zile. Kinachomtofautisha ni alichokijua, na kinachouma ni jinsi mambo hayo mawili yalivyoshikana. Ule ufundi wenyewe ndio uliomnyima kazi. Angekuwa bondia wa wastani angepata mapambano makubwa kuliko aliyoyapata.

Alizaliwa Septemba 1917 huko Bessemer, Pennsylvania. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, mchimbaji wa makaa ya mawe, na mama yake mzungu mwenye asili ya Ireland. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, familia ikahamia Pittsburgh, kwenye mtaa wa Hill District. Huo ulikuwa mtaa wa watu wengi na kelele nyingi. Barabara ya Wylie Avenue ilijaa kumbi za muziki. Pittsburgh Courier, moja ya magazeti makubwa ya watu weusi Marekani, lilikuwa la mji huo. Gus Greenlee, mwenye ukumbi wa Crawford Grill, alikuwa na timu yake ya besiboli na pia alimsimamia John Henry Lewis, bondia mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1935. Nje ya mtaa kulikuwa na viwanda vya chuma, na watoto wa wafanyakazi wa viwanda hivyo walipenda ngumi kuliko mchezo wowote. Harry Greb alitoka Pittsburgh. Billy Conn na Fritzie Zivic pia. Mtoto wa pale aliyetaka kujifunza ngumi hakukosa wa kumtazama, na Burley aliingia klabu ya vijana akiwa na miaka 12 hivi.

Mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa mabondia bora wa ridhaa mjini kwao, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa inaandaliwa Berlin chini ya Hitler. Burley alikataa kushiriki mchujo. Sababu yake ilikuwa mateso ya watu kwa ajili ya rangi na dini katika Ujerumani ya wakati ule. Badala yake alijiunga na timu ndogo ya Wamarekani waliokwenda Barcelona, Hispania, kwenye Olimpiki ya Umma iliyopangwa kuwa jibu kwa ile ya Berlin. Michezo hiyo ilitakiwa ifunguliwe Julai 19, 1936. Siku hizohizo wanajeshi waliasi dhidi ya serikali ya jamhuri, risasi zikalia katika mitaa ya Barcelona, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Hakuna aliyepanda ulingoni. Burley alikuwa na miaka 18. Alirudi nyumbani, na Septemba mwaka huohuo akawa bondia wa kulipwa.

Uamuzi ule unanieleza mengi juu ya tabia yake. Medali ya Olimpiki ilikuwa njia ya mkato kuelekea pesa na jina, na kijana maskini kutoka Hill District aliijua thamani yake. Miaka yote iliyofuata, watu waliofanya naye kazi walimweleza kama mtu mkimya asiyependa kujipendekeza, na ngumi za Marekani za miaka ya 1940 hazikuwa na nafasi kwa mtu wa namna hiyo. Mameneja na mapromota wengi walikuwa mikononi mwa wahuni waliopanga nani apigane na nani, na wakati mwingine nani ashinde. Frankie Carbo, aliyekuja kufungwa jela mwaka 1961, alikuwa na sauti kubwa juu ya mikanda kuliko chama chochote cha ngumi. Kwa watu hao, bondia mweusi asiyesikia maagizo alikuwa hasara tupu.

Nieleze vizuri jambo la rangi, maana wengi hulirahisisha. Jack Johnson alipoupoteza ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1915, mlango ulifungwa kwa weusi katika uzito huo kwa miaka 22, hadi Joe Louis alipoushinda mwaka 1937. Burley alipoanza kazi, hakuna kanuni iliyoandikwa mahali popote kwamba mweusi asigombee mkanda. Henry Armstrong, mweusi, alishika mikanda mitatu kwa pamoja mwaka 1938. Kizuizi kilikuwa cha hesabu. Meneja wa bingwa mzungu alijiuliza: nikimpa huyu nafasi, nitaingiza shilingi ngapi, na nina hatari gani ya kuupoteza mkanda? Bondia mweusi aliyevuta watazamaji wengi angeweza kufikiriwa. Bondia mweusi aliyeweza kushindwa pia angefikiriwa. Burley hakuwa na jina kubwa magazetini, na kumshinda kulikuwa kazi. Mweupe mwenye ufundi uleule angepigania mkanda tu, kwa sababu watu wake wangelalamika asipopewa. Kwa Burley, waliolalamika walikuwa wasomaji wa Pittsburgh Courier, na wenye mikanda hawakulisoma.

Ushahidi wa kile walichokiogopa uko wazi kwenye kumbukumbu. Kati ya 1938 na 1939 alipambana na Fritzie Zivic mara tatu katika eneo la Pittsburgh. Alishindwa la kwanza, akashinda mawili yaliyofuata. Zivic hakuwa mtu wa kuchezewa. Alijua kila hila, halali na haramu, kuanzia kidole gumba hadi kichwa. Oktoba 1940 Zivic huyohuyo alimshinda Henry Armstrong na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa welta, ule unaoishia karibu kilo 67. Mtu angetarajia Burley, aliyemshinda mara mbili, awe wa kwanza kwenye foleni. Wanaosimulia maisha yake wanaeleza kilichotokea badala yake: upande wa Zivic uliununua mkataba wa Burley. Mtu aliye chini ya mamlaka yako hawezi kukudai pambano. Mambo yakaishia hapo.

Novemba 1938 alimshinda Billy Soose, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa kati mwaka 1941. Mwaka 1944 alimshinda Archie Moore, ambaye angekuwa bingwa wa dunia mwaka 1952. Zivic, Soose, Moore. Watu watatu waliopigwa na Burley walivikwa mikanda ya dunia baadaye. Yeye mwenyewe, katika mapambano 98, hakupewa hata nafasi moja ya kugombea mkanda huo.

Wakati mabingwa wanakukimbia na bado unahitaji kula, unapigana na wale wengine wanaokimbiwa. Ndivyo lilivyoundika kundi ambalo baadaye liliitwa Safu ya Wauaji, jina ambalo kwa kawaida hupewa mwandishi Budd Schulberg. Walikuwa mabondia weusi wa uzito wa welta, wa kati na ule uliofuatia: Holman Williams, Cocoa Kid mzaliwa wa Puerto Rico, Jack Chase, Eddie Booker, Lloyd Marshall, Bert Lytell, Aaron Wade, na Burley. Walizunguka Marekani wakipigana wao kwa wao, tena na tena, Pittsburgh, New Orleans, Los Angeles, San Francisco, kwa malipo madogo. Walikuwa na mikanda yao isiyo rasmi, ya watu weusi; Burley aliupata ule wa welta mwaka 1938 kwa kumshinda Cocoa Kid.

Kundi hilo lilikuwa chuo. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Bondia wa kawaida anayepanda ngazi hulishwa wapinzani dhaifu ili rekodi yake ing'ae, na hujifunza kidogo kutoka kwao. Hawa walikutana na fundi kila baada ya wiki chache, na fundi yuleyule mara kwa mara, hivyo hila iliyofaa mwezi uliopita haikufaa tena. Burley na Holman Williams walikutana mara saba. Kila mmoja alishinda mara tatu, na moja lilifutwa bila mshindi. Williams, aliyekulia Detroit na aliyewahi kumfundisha Joe Louis alipokuwa kijana, alikuwa na mikono myepesi na akili ya ajabu ya kujilinda. Hebu fikiria pambano la saba kati ya watu hao wawili. Kila mmoja anajua mwenzake anapumuaje. Chenga iliyompata mwenzako mwaka juzi sasa ni mtego wa kukunasa wewe, kwa sababu anaisubiri. Lazima uivumbue upya, uifiche ndani ya chenga nyingine. Hakuna filamu ya mapambano hayo, na kwangu hilo ni pengo kubwa katika historia nzima ya mchezo huu.

Lloyd Marshall alimshinda Burley mwishoni mwa 1942. Huyu Marshall alimwangusha Ezzard Charles kwa nokauti mwaka uliofuata, na mwaka 1944 akamshinda Jake LaMotta. Ezzard Charles naye, kabla ya hapo, alikuwa amemshinda Burley mara mbili kwa pointi katikati ya 1942. Charles alikuwa kijana bado, mkubwa wa mwili, na mwaka 1949 angekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Nayataja haya kwa sababu mapenzi yangu kwa Burley hayahitaji afanywe mtu asiyeshindika. Alishindwa mara 12. Ila waliomshinda akiwa katika ubora wake ni watu wa daraja hilo, na hakuna hata mmoja katika maisha yake yote aliyemshinda kwa nokauti.

Sasa ufundi wenyewe.

Mabondia wengi hukwepa ngumi kwa kuondoka. Wanaruka nyuma au wanainama sana, ngumi inapita, lakini miguu inabaki mahali pabaya na hawawezi kujibu. Burley alikwepa akiwa palepale. Kichwa kilihama kwa kiasi cha kutosha tu, kiuno kikageuka, na nyonga zikabaki juu ya miguu. Hilo ndilo la kutazama kwenye filamu ya Oakland. Nyonga hazitoki nje ya nyayo hata kiwiliwili kinapolala upande. Kwa sababu hiyo, kule kukwepa kulikuwa tayari maandalizi ya kupiga. Mwili uliojipinda kushoto ili ngumi ipite ni mwili uliokwisha kuvuta upinde wa mkono wa kushoto. Kilichobaki ni kuuachia.

Pia alijua kupiga akirudi nyuma. Walimu huwakataza wanafunzi kufanya hivyo, na wana haki, maana ngumi ya anayerudi nyuma kwa kawaida haina uzito. Burley alirudi hatua moja, akasimika mguu wa nyuma kwa kitambo kifupi kuliko jicho linavyoweza kukamata, na konde la kulia likatoka na mwili mzima nyuma yake. Mpinzani aliyedhani anamfukuza mtu anayekimbia alijikuta anakimbilia ngumi, akiiongezea nguvu kwa mwendo wake mwenyewe. Nokauti 50 katika ushindi wa mara 83 zilitoka kwa mtu ambaye mara nyingi alionekana hatafuti kupiga.

Na kulikuwa na konde lake la kuruka. Akiwa mbali kabisa, mahali ambapo mpinzani alijihesabu salama na kuanza kupumzisha mikono, Burley aliruka ndani na mkono wa kulia mbele, bila kutanguliza wa kushoto. Kitabuni hilo ni kosa. Anayefanya hivyo anaacha mwili wake wazi wote. Lakini kosa ni kosa pale tu mpinzani yuko tayari kuliadhibu, na Burley hakuruka kabla hajahakikisha kwamba hayuko tayari. Alimhakikishia kwa dakika nyingi kwamba hakuna kinachokuja, akamzoeza umbali fulani kuwa umbali wa amani. Mchezaji mzuri wa bao huacha shimo lenye kete nyingi likiwa wazi, mwenzake akaona uzembe na kunyoosha mkono, kumbe zamu mbili zilizofuata zilikwishahesabiwa. Mikono ya Burley iliyoning'inia chini ilikuwa shimo la namna hiyo. Uso wake ulionekana hauna ulinzi. Waliourushia ngumi waligundua kwamba uso umeondoka na kwamba mkono waliourusha haujarudi nyumbani.

Kuna gharama katika ufundi wa namna hii. Unahitaji mpinzani aanze. Mpinzani mwerevu aliyekwisha kusikia habari zake hakutaka kuanza, na hapo watu wawili waliweza kutazamana kwa muda mrefu huku watazamaji wakipiga miluzi. Promota anauza damu na kishindo. Burley alimuuzia mtu anayesubiri. Aliyeelewa alichokuwa anakitazama hakupumua. Asiyeelewa aliona mtu mvivu. Na wengi ukumbini, kama ilivyo kawaida ya kumbi, hawakuelewa. Siwalaumu sana. Kazi kubwa ya Burley ilifanyika katika kile kisichotokea: ngumi ambayo mpinzani alighairi kuirusha, hatua aliyoanza kuipiga kisha akairudisha. Ni vigumu kumshangilia mtu kwa ngumi ambazo hazikurushwa.

Machi 1942, akiwa amehamia Minneapolis kutafuta kazi, alikubali kupigana na J. D. Turner, bondia wa uzito wa juu kabisa. Burley alikuwa na kilo zisizofika 70. Turner alimzidi kwa zaidi ya kilo 25. Pambano la namna hiyo leo lisingeruhusiwa na mamlaka yoyote. Turner hakuendelea baada ya raundi ya sita. Huko ndiko mtu mwenye uwezo wa bingwa wa dunia alikosukumwa: ampige jitu ili alipe kodi ya nyumba. Nami naliona pambano lile kama kipimo safi cha ufundi, kwa sababu nguvu haikuweza kumsaidia hata kidogo. Mwenye kilo 68 hawezi kuyazuia makonde ya mwenye kilo 95 kwa mikono; ni lazima asiwepo yanapofika.

Halafu usiku wa Aprili 21, 1944, kwenye ukumbi wa Hollywood Legion Stadium. Burley alikuwa amehamia California, akifanya kazi katika kiwanda cha ndege huko San Diego, maana vita vilikuwa vinaendelea na mshahara wa kiwandani ulikuwa wa uhakika kuliko wa ulingoni. Inasimuliwa kwamba aliitwa siku chache tu kabla, akaja karibu moja kwa moja kutoka kazini. Mpinzani alikuwa Archie Moore, mzito kuliko yeye, aliye katika ubora wake, mmoja wa mabondia wenye akili nyingi kupata kutokea. Moore angeendelea kupigana hadi mwaka 1963 na angemaliza akiwa miongoni mwa mabondia wenye nokauti nyingi zaidi katika historia. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kujibu ngumi, mwenye mikono iliyokunjwa mbele ya uso na macho yanayochungulia juu yake.

Burley alimwangusha mara kadhaa na kushinda raundi kumi kwa pointi. Moore, ambaye baadaye alipigana na Rocky Marciano mwaka 1955 na kijana Muhammad Ali mwaka 1962, alisema wazi kwa miaka mingi kwamba Burley ndiye aliye bora kuliko wote aliopambana nao. Ushuhuda huo ni mzito kwangu kuliko mkanda. Mkanda ulitolewa na watu wa ofisini. Moore alizipokea ngumi zenyewe, na alikuwa na ujuzi wa kuelewa zilifikaje. Eddie Futch, mwalimu aliyemwongoza Joe Frazier na Ken Norton, na ambaye alitazama ngumi kwa zaidi ya nusu karne, alimtaja Burley kuwa bondia aliyekamilika kuliko wote aliowaona. Futch hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kwa nini ushindi ule haukumfungulia njia? Sehemu moja ya jibu iko vitani. Freddie Cochrane aliyemvua Zivic ubingwa wa welta mwaka 1941, na Tony Zale bingwa wa uzito wa kati, wote wawili waliingia jeshi la wanamaji, na mikanda yao ikafungiwa hadi watakaporudi. Mikanda miwili ambayo Burley angeweza kuigombea haikuguswa tangu 1942 hadi 1946. Alikuwa na miaka 24 ilipofungiwa na 28 ilipofunguliwa. Miaka minne hiyo ndiyo ambayo mwili na akili ya bondia huafikiana. Mabondia wengi walipoteza muda kwa sababu ya vita, lakini wale wenye wateja waliendelea kulipwa vizuri bila mkanda. Ray Robinson alikuwa anapanda wakati huohuo, katika uzito uleule, naye alikuwa mweusi na mwenye kipaji kisicho na mfano. Mazungumzo ya kuwakutanisha yalikuwepo. Pambano halikufanyika. Napenda kulifikiria: Robinson mwenye kasi na mfululizo, Burley akimsubiri na mikono chini.

Baada ya 1946 simu zilipungua. Alipigana mara chache kwa mwaka, akaacha kabisa mwaka 1950, akarudi Pittsburgh na kuajiriwa na jiji kuzoa taka. Alifanya kazi hiyo miaka mingi. Aliishi Bedford Avenue, Hill District, na ng'ambo ya barabara, katika nyumba ya namba 1727, alikulia mtoto ambaye angekuja kuitwa August Wilson.

Baba yake Wilson alikuwa mzungu na hakuwepo nyumbani. Mtoto alitafuta mwanamume wa kumtazama, akamtazama jirani yule mtulivu aliyejaa heshima, aliyevaa vizuri siku za mapumziko, aliyewahi kuwa bondia mkubwa. Wilson alipoandika tamthilia yake ya Fences, alimchora Troy Maxson, mzoa taka wa Pittsburgh wa mwaka 1957 ambaye alikuwa hodari wa besiboli wakati ligi kuu hazikuwaruhusu weusi kucheza. Sehemu kubwa ya Troy ilitokana na Burley. Tamthilia ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, na mwaka 2016 Denzel Washington aliifanya kuwa filamu. Mamilioni ya watu wamemwona mzoa taka yule bila kumsikia aliyemchochea mwandishi. Troy amejaa hasira na makelele, na anawaumiza walio karibu naye. Wilson alichukua maisha ya jirani yake na kuyatilia moto wa watu wengine. Mwenyewe wanamkumbuka kama mtu aliyezungumza kidogo juu ya yaliyompata.

Heshima rasmi ilikuja mwaka 1992, alipoingizwa kwenye Jumba la Kimataifa la Mabondia Mashuhuri huko Canastota, New York. Oktoba mwaka huohuo alifariki Pittsburgh, akiwa na miaka 75.

Anayetaka kumjua asianze na orodha ya matokeo. Atafute pambano la Oakland na alitazame kwa mpangilio huu. Kwanza miguu ya Burley peke yake, raundi nzima, asijali nani anapigwa: aone jinsi anavyogeuza kisigino na kumlazimisha Smith ageuke naye, kila mara akimpeleka upande ambao mkono wake wenye nguvu hauna njia. Kisha arudi mwanzo amtazame Smith tu. Ahesabu ngumi alizoanza kuzirusha na asizimalize. Ni nyingi. Kisha ndipo atazame pambano kama watu wanavyotazama pambano, wote wawili pamoja, na katika raundi za mwisho atamwona Burley akitikisa bega lilelile la raundi ya kwanza, na Smith, aliyekwisha kudanganywa nalo usiku kucha, akilijibu tena.